Pete Namba 89

Weng Chin-tuan alishona soli kiwandani miaka thelathini na miwili, kisha kiinua mgongo chake chote akakimalizia kwenye kamera. Watu wa kwao Qigu walimcheka mpaka wakachoka. Bibi wa miaka sitini na sita, kila majira ya baridi analala kifudifudi kwenye tuta la bwawa, upepo wa bahari unamchapa masikio, kisa ndege domomwiko!

Tena si domomwiko yeyote. Alimtaka yule mwenye pete ya utambulisho namba 89 mguuni, aliyemfuatilia misimu saba. Msimu uliopita akaiokota pete topeni, kando ya bwawa la samaki wa mwatiko la mdogo wake Sheng-fa, aliyekuwa ametandaza kamba juu ya maji kuzuia ndege. Hapakuwa na mfupa wala unyoya, na pete yenyewe ilikuwa na ufa, lakini nani angemwambia kitu? Sikukuu ya mwaka mpya, mbele ya ukoo mzima, alisukuma bakuli akasema yeye hali mezani kwa muuaji wa ndege. Tangu hapo, ndugu hao wa tumbo moja hawakusalimiana.

Asubuhi hii domomwiko kama mia mbili walitua kwenye maji ya kina kifupi. Chin-tuan akapiga picha, akaikuza kwenye kioo cha kamera. 89. Akatazama tena. Yuko mzima, anachakura maji.

Akampa kamera Pao-chu, mwenzake wa kulala tutani. Pao-chu akasema ndiyo, ni 89, kwani vipi? Chin-tuan akatoa mfukoni ile pete, aliyotembea nayo mwaka mzima kama hirizi. Pao-chu akaitazama, akaigeuza kichwa chini, akaigeuza tena.

"Dada Tuan, ikiwa mguuni ina juu na chini. Mkononi je? Hii ni 68, wewe umeisoma miguu juu. Imepasuka ikamdondoka ndege mwenyewe."

Chin-tuan akaigeuza mwenyewe: 68. Yeye, aliyejidai pwani nzima hakuna anayesoma pete kumshinda! Aibu ilimvaa mwili mzima, akajiona mjinga wa kutupwa.

Alikokota mabuti yake hadi kwa Sheng-fa, akamkuta bwawani anakunywa chai ya tangawizi. Hakusalimia. Alimwonyesha picha, akamwonyesha pete, akaigeuza mbele ya macho yake.

"Nilikusingizia," alisema.

Sheng-fa aliisogeza kamera karibu na macho.

"Amenenepa huyu," akasema. "Ataachaje kunenepa, na mwatiko wangu kaumaliza?"

Ndipo Chin-tuan alipoangalia bwawa. Halikuwa na kamba hata moja. Akamuuliza alizitoa lini.

"Siku ile ile ya sikukuu, Dada. Ulipoondoka bila kula, nilikuja hapa nikazikata zote."

Chin-tuan akakaa palepale topeni, suruali ikalowa.