Sindano kwa Roho ya Safta

Paraskiva hakupokea kitu cha bure hata siku moja. Miaka tisa nimeuza mishumaa kwenye lango la makaburi ya mji wetu wa Brăila, na miaka tisa nimemwona akikataa mkate wa watu waliosahau kumtaja maiti wao. Kwetu chakula cha marehemu hukabidhiwa maskini pamoja na mshumaa na jina. Maskini hujibu, "Mungu amsamehe," na hapo ndipo sahani humfikia mwenyewe huko aliko. Maskini wengine walijibu huku wakitafuna. Paraskiva aliuliza kwanza: nani, alikufa lini, arobaini yake imefanywa? Ndipo akala.

Alilala katika kibanda cha wachimba makaburi. Kabla ya hapo alikaa miaka kumi na miwili katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akishikwa na wanaume wawili kila alipochomwa sindano. Alisikia sauti. Vidonge vilizituliza, na mfamasia mzee wa kliniki, aliyeijua tabia yake, alimpa kila mwezi kwa roho ya marehemu mkewe. Korona ilipoingia, kliniki ikageuzwa wodi ya homa na mzee akarudishwa nyumbani. Sauti zikarudi.

Matanga yakapigwa marufuku. Maiti waliletwa ndani ya mifuko na kuzikwa na watu waliovaa mavazi meupe, bila koliva, ile ngano tamu ya marehemu, na bila mtu wa kuila. Nilimlisha Paraskiva kwa majina ya wafu wangu mpaka nikamaliza ukoo, nikahamia ukoo wa mume wangu, ambao hata sikuwapenda.

Oktoba ya mwaka wa pili bweni la manispaa la wasio na makao likatangaza kwamba asiyechanjwa hatalala ndani. Baridi ya mwaka uliotangulia ilikuwa imemla vidole viwili vya mguu, na sasa kifua chake kilikoroma. Sote pale langoni tulijua kwamba akibaki kibandani hataiona Machi.

Nesi Otilia alikuja asubuhi na kisanduku cha barafu chenye chanjo.

"Shangazi, ni bure. Nipe mkono tu."

"Bure ya nani?"

"Ya serikali."

"Serikali imekufa lini?"

"Zamani," akasema Neculai, mchimba makaburi. "Ila hatujaletewa tuizike."

"Basi ikiletwa mniite. Sindano za serikali nilizimaliza kule ndani."

Nesi akaanza kufunga kisanduku. Hasira zikanipanda, sijui kwa nani kati yao. Nikamvuta nesi kando. "Mtajie maiti. Yeyote. Tunga jina, kwani atamjua?"

Akarudi. "Kwa roho ya Safta."

"Safta wa nani?"

"Safta Dragomir."

"Alikufa lini?"

"Desemba."

"Arobaini yake umeifanya?"

Nesi aliinamia kisanduku chake. Nikajilaumu, maana mwenye kutunga jina hana arobaini ya kusimulia, nikadhani amekwama.

"Walimfunga ndani ya mfuko," akasema. "Nilikuwa zamu. Sikumwosha mama yangu, sikumzika."

Paraskiva hakumhurumia. Alimtazama kama fundi atazamavyo kazi iliyoachwa nusu. "Kwa hiyo mama wa watu ana njaa tangu Desemba, na wewe unazunguka na kisanduku. Dada Anghelina, mshumaa."

Nikampa. Akaushika kwa mkono wa kulia, kisha mwenyewe akaupandisha mkono wa kushoto wa sweta. Alipoiona sindano akafumba macho. Neculai alisogea kumshika, nami nikamrudisha nyuma. Hakuna aliyemgusa ila nesi.

"Mungu amsamehe Safta," alisema, sindano ikiingia. Alipofumbua macho akaongeza, "Imemfika. Lakini mtu hashibi sindano. Sindano ya pili uje na koliva."

Baada ya wiki tatu Otilia alileta sindano ya pili, koliva, na koti la kahawia lenye kola ya manyoya. Nguo za marehemu hupewa maskini, na hilo la mama yake lilikuwa limeninginia kabatini karibu mwaka mzima. Paraskiva aliuliza jina upya, tangu mwanzo, na Otilia akajibu kila swali. Kisha akala, akavaa koti, akatia cheti chake cha chanjo mfukoni na kushika njia ya bweni, akigombana njiani na sauti zake.

Otilia alisimama langoni akilitazama lile koti likipanda barabara mpaka likapinda kona.

"Mama alikuwa hatembei haraka hivyo," alisema.

Akanunua mshumaa mmoja, akaniuliza waliozikwa Desemba wako safu ipi.