Siku Kifaranga Alipoitwa Baltazari

Jamani, kuna mambo nikiyakumbuka, hata nikiwa peke yangu jikoni, najifunika uso na kanga, na hili la pantoni ndilo linaloongoza. Nalisimulia leo kwa sababu nyie ni watu wangu, na kwa sababu, kusema kweli, nusu ya Ifakara walishalisimulia kabla yangu na chumvi wakaongeza.

Ilikuwa miaka ya tisini, mto Kilombero tunauvuka kwa pantoni, daraja hatuliwazi hata kidogo. Mimi na mume wangu Ladislausi tulikuwa na miaka saba kwenye ndoa, yeye kibarua wa mashamba ya miwa kule Kidatu anarudi Jumamosi, mimi na kashamba kangu ka mpunga na kuku watano. Mtoto hatukuwa naye. Wenzangu wote niliosoma nao walishakuwa Mama Rehema, Mama Yohana, Mama Nani sijui, hadi unakaa na mtu mwaka mzima humjui jina lake la ubatizo, lakini mimi nilibaki Skola, Skola tu, hata watoto wa mtaani wananiita Skola. Nilitamani mtoto, jamani, nilitamani mpaka nikipita penye kamba iliyoanikwa nepi nageuza uso.

Sasa kuku wangu mweupe akaangua vifaranga tisa, na wa mwisho akatoka na miguu iliyotawanyika, mmoja huku, mwingine kule, akijaribu kusimama anafikia tumbo, na mama yake badala ya kumhurumia anamdonoa. Jirani akaniambia, "Skola, huyo mtupe, atakusumbua bure." Nikamwambia sawa, nikaingia ndani, nikachomoa uzi mwekundu kwenye sweta, nikamfunga miguu isogeleane huku nikiacha nafasi ya kupiga hatua, kama nilivyowahi kumwona marehemu bibi yangu akifanya. Nikawa namlisha chenga za mchele zilizolowekwa, namnywesha maji kwa ncha ya kidole, asubuhi na jioni nafungua uzi namnyoosha taratibu. Siku ya nne akasimama, akapiga hatua mbili, akaanguka. Nililia (mtu mzima na akili zangu, nalilia kifaranga).

Siku ya tano ikaja habari kwamba mdogo wangu aliyeolewa ng'ambo ya mto amejifungua mtoto wa tatu. Lazima niende kumwona mzazi, na kifaranga nimwache na nani, maana akipata baridi tu amekufa? Ndipo nikakata shauri hilo dogo lililoniponza: nikamlaza kwenye kikapu, nikakizungushia taulo, nikakifunga kifuani kwa kanga na kukifunika vizuri asipigwe na upepo, nikashika njia ya Kivukoni.

Foleni ya pantoni siku hiyo haikuwa mchezo, malori ya mpunga, baiskeli, wanawake na matenga yao, na jua liko utosini. Nimesimama nyuma kabisa, mara mfanyakazi wa pantoni akapaza sauti, "Mama mwenye kichanga, pita mbele, usisimame juani na mtoto!" Nikageuka nimwone huyo mama. Kumbe ni mimi. Ningesema tu, "Hapana kaka, hiki ni kifaranga," watu wangecheka kidogo na mambo yangeishia pale, lakini walishaanza kunipisha, "Pita mama, pita," mwanaume mmoja akaondoa baiskeli yake kwa heshima kama anampisha askofu, na mimi, Mungu anisamehe, nikapita.

Ndani nikapewa nafasi ya kukaa, juu ya gunia la mpunga, kwenye kivuli cha lori, karibu na bibi mmoja wa Kipogoro.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, pole na kulea. Wa kiume?"

Nikasema wa kiume.

"Anaitwa nani?"

Hapo nikatoa jina ambalo mimi na mume wangu tulikuwa tumeliweka tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, jina la marehemu baba yake, hatujawahi kulitaja mbele ya mtu. Nikasema, "Baltazari."

Bibi akawageukia wengine. "Hebu sogeeni huko, msimzibie hewa Mama Baltazari!" Na wao, "Karibu Mama Balta. Na baba yake yuko wapi?" Nikajibu yuko kazini, kwenye miwa. Nilijibu bila kukwama, na nilikuwa na furaha, siwafichi, furaha ambayo sikuipata hata siku ya harusi yangu. Nikayatazama maji ya Kilombero nikaomba mto uwe mpana zaidi.

Tulipofika katikati, Baltazari akaamka. Pii! Pii! Pii! Nikakohoa. Nikajifanya naimba.

"Ana kasauti kadogo huyo, ana njaa," bibi akasema. "Mnyonyeshe."

"Ameshanyonya, bibi."

"Mtoto wa kwanza, eh? Usione aibu, sisi wote hapa mama zako. Mnyonyeshe!"

Wanawake wakadakia, mnyonyeshe, mnyonyeshe, mmoja akatandaza kanga yake kunikinga wanaume wasione, na mimi badala ya kukiri nikageukia lori, nikafungua blauzi (naam, vifungo viwili), nikakisogeza kikapu kana kwamba namweka mtoto vizuri. Kifaranga mwenye njaa hachagui. Alinidonoa mahali ambapo sitapataja, nikapiga ukelele, kikapu kikapinduka, na Baltazari akatua kwenye sakafu ya pantoni mbele ya umati wote, na uzi wake mwekundu miguuni.

Kifaranga akajikusanya, akasimama, akapiga hatua moja, mbili, tatu, nne, tano! Nikasahau pantoni, nikasahau blauzi, nikaruka juu napiga makofi, "Anatembea! Jamani, mwanangu anatembea!"

Walicheka mpaka dereva wa lori akashuka kuuliza kuna nini. Bibi peke yake hakucheka. Alimwokota kifaranga, akanirudishia, akaniuliza taratibu, "Una miaka mingapi kwenye ndoa?" Nikasema saba. Akatikisa kichwa. "Funga vifungo, mwanangu," akasema, na vidole vyangu viliposhindwa akanifunga yeye.

Jumamosi mume wangu akarudi, na habari ilishamfikia njiani, hata kule Kiberege basi lilikosimama watu walikuwa wanaicheka. Nilijua nimemtia aibu, tena kwa jina la baba yake, nikakaa nasubiri aseme. Akala ugali wake wote kwanza. Kisha akauliza, "Walikuitaje vile?"

"Mama Baltazari."

"Wote?"

"Wote. Wakauliza na baba yake yuko wapi. Nikasema yuko kwenye miwa."

Akainamisha kichwa, nikadhani anacheka. Akasema, "Hebu anza tena, kuanzia hapo walipokupisha."

Nikaanza tena. Tangu siku ile foleni napanga kama wenzangu hadi mwisho, jua liwake linavyotaka, na mtu akikosea akaniita mama mwenye mtoto, namsahihisha palepale, haraka, kabla sijaanza kuitikia.