Kikundi Kilichoogopa Meza ya Bwana

Sikwenda Gisenyi kula samaki, ingawa hapa Ngara wapo wanaoamini hivyo mpaka leo. Nilikwenda kwa sababu ya simu ya Dativa, fundi cherehani aliyekulia Karagwe kabla familia yake haijarudi Rwanda. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kazi yangu ya uzeeni ni kutafsiri maandishi ya Wapuritani, wale Wakristo wa zamani wa Uingereza, pamoja na ya ndugu zao wa Matengenezo ya Kanisa. Nilikuwa nimemtumia Dativa kitabu kuhusu kuupima moyo kabla ya Meza ya Bwana, naye akawa anakisoma na waumini wenzake.

"Dada, njoo haraka," alisema. "Tangu tuanze kitabu chako hakuna anayeshiriki. Mchungaji anakula peke yake!"

Jamani! Nimeumiza macho kutafsiri ili watu wamkaribie Kristo, kumbe nimewafukuza. Nikafunga mkoba.

Alhamisi nilivuka mpaka pale Rusumo, nikalala Kigali. Kesho yake nikapanda basi la Rubavu, wilaya yenye mji wa Gisenyi, na barabara ile inazunguka milima mpaka shingo inachoka. Kuanzia Musanze kila nikitazama naona viazi, viazi, na ukungu juu yake. Nilitetemeka kwa baridi, kwani sweta nililiacha nyumbani kwa ubishi wangu. Kisha basi likaanza kushuka, na Ziwa Kivu likaonekana chini, la buluu, mabati ya Goma yakimetameta upande wa Kongo.

Kituoni Gisenyi nilipanda pikipiki hadi Rugerero, nimeshika kofia ngumu kwa mkono mmoja na sketi kwa mwingine. Dativa alinikumbatia kwa muda mrefu, kama desturi ya kule, kisha akaniwekea sahani ya sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, vimekaangwa vikakauka. Haya, nilikula. Wa Ngara wacheke tu.

Jumamosi mchana kikundi kilikusanyika dukani kwake, tukaketi katikati ya vitenge vilivyokatwa. Hapo ndipo nilipouona utaratibu wao. Dativa alisoma maswali ya sura ya kwanza, moja moja: Je, una kinyongo? Je, ulimi wako ni safi? Anayejiona ana kosa anainua mkono, na kesho yake hasogei mezani. Mikono yote ilikuwa juu. Watu waaminifu hawa!

"Na sura ya pili inasemaje?" nikauliza.

Wakatazamana. "Hatujafika," Dativa akajibu. "Tulisema asiyefaulu ya kwanza haendi ya pili."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu nikaona mzee mmoja hacheki. Alikuwa Anastase, mvuvi wa sambaza, mtu wa mabega mapana na sauti ya kukwaruza, mwenye Kiswahili cha Goma kilichochanganyika na Kifaransa.

"Mama, we unacheka," alisema, "lakini mi niko na hasira. Kila siku natukana watu kwa mutumbwi. Naomba Mungu, kesho natukana tena. Bon, nimesema kesho kama siko musafi, naacha kanisa. Mutu atakaa kwa kiti kutazama mukate mpaka lini?"

Kicheko kilinikauka. Niliogopa kweli, maana mtu huyu hakuwa anatania. Wale waandishi wangu wanafundisha kwamba moyo unapimwa ili tuione shida yetu, tutubu, tukimbilie kwa Kristo. Lakini ningemwambiaje bila kumhubiria kama mtoto wa shule?

"Baba," nikasema, "ukitoka ziwani asubuhi unanuka samaki, sivyo?"

"Sana!"

"Mama wa nyumbani anakunyima chakula?"

"Anyime nani? Ananiambia, nawa mikono. Nanawa, donc nakula bugali yangu."

"Na harufu?"

"Harufu iko tu, Mama. Miaka yote iko."

Akajitazama viganja. "Yoo," akasema polepole. Basi tukaisoma sura ya pili, inayosema karamu ile imeandaliwa kwa wadhaifu wanaotubu, na hakuna aliyeinua mkono tena.

Jumapili kanisa lilijaa. Mchungaji alipoalika watu mezani, hakuna aliyesogea. Nilimtazama Anastase mpaka macho yakaniuma. Mzee akasimama, lakini hakwenda mbele. Alirudi nyuma, akamwinamia kijana mmoja wa mtumbwini kwake, mmoja wa wale anaowatukana, akasema naye kidogo. Yule kijana akamshika mkono, wakaenda mezani pamoja. Hapo benchi zikaanza kulia kwa watu kuinuka: Dativa, kisha kikundi chote, kisha hata wasio wa kikundi. Mchungaji maskini alikuwa ameandaa kimkate cha kumtosha yeye na tumaini lake! Akawa anamega, anamega, vipande vikawa vidogo kama punje za mchele. Changu nilikipokea huku nalia na kucheka, na sikuona haya.

Jumatatu asubuhi Anastase alikuja kituoni kuniaga, moja kwa moja kutoka ziwani, ananuka vilevile.

"Nimetukana tena usiku," akasema kabla sijauliza. "Wavu ilipasuka."

Moyo ukanishuka. "Sasa?"

"Nimeomba musamaha palepale kwa mutumbwi. Wote wamecheka."

Njiani nilijiambia kwamba sitaacha kuwahimiza watu wajipime. Wale wazee wa zamani walikuwa sahihi, na anayejiona hana kosa hajajitazama. Ila nimejifunza kwamba mtu akishaiona dhambi yake asiachwe hapo peke yake, aonyeshwe mlango siku hiyohiyo. Na nikisahau, nina jibu la Anastase. Basi lilipowasha injini nilimuuliza dirishani, "Na Meza ijayo, Baba, utakwenda?"

"Nitaenda mbele ya wote," akasema. "Mwenye hasira kama mi, njaa yake ni kubwa."