Nilivyohesabu laini ya chai kama kura

Wakuu, Bwana asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa, nimevuka sabini, na haya sikuambiwa na mtu. Niliyaharibu mwenyewe.

Mwaka jana tulichagua mwenyekiti wa mradi wetu wa maji hapa Theta. Wagombea walikuwa wawili: Mama Wambui wa upande wa juu, ambako mifereji ilikuwa imekauka miezi mingi, na Kamau, rafiki yangu wa kwaya.

Mwenyekiti ndiye hupanga zamu za maji. Kwa hivyo watu wa juu walikuja wote, hata wenye magongo.

Mimi nikafanywa returning officer, msimamizi wa kura. Nikavaa suti ya Pasaka.

Kura ilikuwa ya kupanga mstari nyuma ya mgombea. Nikapita nikigusa kila bega, nikihesabu kwa sauti kubwa. Mama Wambui, arobaini na mmoja. Kamau, arobaini na wanne.

Nikamtangaza Kamau, kisha nikaomba. Wanaonijua wanajua maombi yangu si mafupi. Nilimshukuru Mungu kwa uchaguzi usio na doa, nikaomba hata wakubwa wa Nairobi waje wajifunze kwetu.

Baada ya amina, fundi mmoja wa baiskeli akanivuta mkono.

"Guka, babu yangu, mbona umenihesabu? Mimi si member. Nangoja chai."

Nikageuka. Meza ya chai ilikuwa nyuma ya mstari wa Kamau, na laini yake ilikuwa imeungana na wapiga kura wake.

Wakuu, wazo langu la kwanza halikuwa takatifu. Nilitaka kunyamaza. Kamau alikuwa anapigiwa makofi, nami nimeshamshukuru Mungu. Sasa nimwombe anirudishie shukrani?

Lakini nikamwona Mama Wambui akiokota jerikeni yake tupu aende zake.

"Ngojeni!" nikasema. "Nimekosea. Nimehesabu watu wa chai."

Walicheka hadi kina mama wakaketi chini. Kamau akanifokea, "Wewe mzee, umenipindua kabla sijakalia kiti!" Hata hivyo ni yeye aliyesema chai isimame, tuhesabu upya.

Safari hii tulihesabu tukiwa watatu, mimi na mtu mmoja wa kila upande. Wapita njia sita waliofuata harufu ya mandazi wakatoka kando. Kamau akabaki na thelathini na wanane. Mama Wambui akashinda, na wiki iliyofuata upande wa juu ukapata zamu yake.

Nilichojifunza ni hiki. Zamani karani wa uchaguzi akisahihisha fomu, nilimwita mwizi kabla hajamaliza kuandika. Sasa nauliza kwanza kama amekosea waziwazi na kurekebisha waziwazi. Kuhesabu vibaya kulikuwa uzee wangu. Kunyamaza ndiko kungekuwa wizi.

Nawe uliyewahi kusimamia uchaguzi, hata wa wazazi shuleni, ulikosea wapi? Andika hapa bila woga. Aibu kubwa nimeshaichukua mimi.