Mama Bosi Hakuandikisha Jina Lake

Sikuwahi kupenda ofisi za watu wenye mihuri, na tangu yaliyompata Mama Bosi nimezidi kuzichukia, ingawa najua hazikumfanyia kosa lolote. Hilo ndilo linaloniuma. Kungekuwa na mwizi katika habari hii, ningemtukana, nikapoa, nikarudi kushona soli zangu. Nimemtafuta mwizi huyo muda mrefu na sijamwona.

Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kimeegemea ukuta wa lililokuwa duka lake la dobi, na kwa miaka mingi mvuke wa pasi zake ulipenya kwenye nyufa za mbao zangu, ukanilainishia ngozi za viatu bila malipo. Alikuwa akinitishia kwamba atanidai. Mimi nilimwambia kwamba ipo siku wateja wake watamshitaki kwa kuwafulia kola mpaka zikabaki nyuzi. Tulitaniana hivyo kutwa nzima, kila mtu upande wake wa ukuta, na kazi zikaenda.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viganja vipana. Alilowesha kidole mate, akaigusa pasi, na kwa mlio wake akajua kama inafaa hariri au inangoja jinzi. Kila mteja alimshonea alama ya uzi ndani ya kola: msalaba mwekundu wa mwalimu mkuu, nukta tatu za kijani za kondakta, na kadhalika. Katika muda wote niliomjua hakuwahi kupoteza hata soksi. Alikuwa mkali kwa wanaoleta nguo zenye kalamu mifukoni, na ukimletea shati lenye wino ungejuta kuzaliwa.

Alifiwa na mume angali msichana, mtoto mgongoni. Yeye na mumewe walikuwa na duka la vipuri vya baiskeli walilolisimamisha pamoja. Mume akitengeneza, yeye akiuza kaunta. Karatasi zote zilikuwa na jina la mume. Udongo wa kaburi haujakauka, mashemeji zake wakaja na gari wakapakia kila kitu, mpaka kiti alichokuwa akikalia. Habari hiyo alinisimulia mara moja tu, akikunja mashuka, bila kunitazama.

"Nilikuwa nimeshika chupa ya maziwa ya mtoto," alisema. "Nikasimama mlangoni, fundi. Wakawa wananipita kama mlango wenyewe. Hakuna hata mmoja aliyesema, jamani, huyu naye alikuwa akifanya kazi humu."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi jueni kwamba makosa aliyoyafanya baadaye hayakuwa ya ujinga. Yalikuwa ya mtu aliyekwisha kuumwa.

Alianza kufua nyumba za watu, kisha akapanga chumba kile jirani na mimi, akafanya kazi bila leseni kwa kujificha, mlango nusu wazi. Askari wa manispaa walimbebea pasi zake mara mbili. Mara ya pili alilia, akaapa kwamba sasa ataingia kwenye sheria kwa miguu yote miwili. Wakati huo alikuwa akipita mtaani kwetu afisa biashara mmoja, binti mpole mwenye subira, kazi yake kuwaelekeza wenye biashara ndogo. Alikaa kwenye benchi langu, Mama Bosi akasimama na beseni kiunoni, na akaelezwa yote. Aandikishe jina la biashara. Achukue namba ya mlipakodi. Akate leseni, apate na hati ya afya kwa sababu ya maji machafu. Mkataba wa pango uwe wa maandishi. Pesa za duka ziwe na akaunti yake benki, zisilale chungu kimoja na pesa za jikoni.

"Na kwa kuwa mnafanya kazi wewe na mwanao," binti akamalizia, "jiandikisheni wote wawili kama wabia. Muandikiane nani ana fungu gani, na mmoja akifariki itakuwaje. Benki muweke sahihi mbili."

Mama Bosi alitua beseni chini. "Tuandikiane? Mimi na mwanangu? Nimemzaa, sijamwajiri!"

Watu wote waliokuwa kibandani wakacheka, na binti naye akacheka kwa adabu. Huku kwetu ndugu wakionekana wanaandikiana, majirani huanza kuulizana wamegombania nini. Karatasi kati ya mama na mwana ni kama kufunga kabati usiku mgeni akiwa amelala sebuleni. Unaweza kuwa na sababu zako, lakini utaonekana.

Yeye sababu yake aliisema wazi. "Nikiandika jina langu, siku nikifa wale wa gari watarudi. Nikiandika la mwanangu, nife hata kesho, nani atamgusa? Mali ni yake, jina ni lake." Mwanawe ndiyo kwanza alikuwa amepata kitambulisho. Basi jina la biashara likawa la kijana, na namba ya kodi, na leseni, na pango, na akaunti. Binti wa biashara alijaribu tena. "Mama, na akitangulia yeye?" Mama Bosi alimtazama kwa jicho ambalo mimi nilikuwa nikiliona likielekezwa kwenye madoa ya wino. Mama yule alikuwa amevipanga vifo kwenye foleni, yeye mbele, mwanawe nyuma kabisa, na hakutaka mtu amvurugie mstari.

Leseni ilipotundikwa ukutani wateja walisoma jina la mmiliki, wakamtazama mmiliki mwenyewe, peku, suruali imekunjwa magotini, akikamua blanketi. Hapo ndipo alipoitwa Bosi. "Bosi, nguo zangu ziko tayari?" "Bosi, mpunguzie kazi mfanyakazi wako, anazeeka!" Naye akajibu, "Namlipa vizuri, mwulizeni." Mama akamrushia soksi iliyolowa. Alikuwa kijana mwema, na siongezi neno hapo kwa sababu kila marehemu husifiwa, ila huyu nilimsifu angali hai na akanikopa viatu kwa sifa hizo hizo, akalipa.

Akakua. Wakanunua mashine ya kufulia, kisha ya pili, kwa fedha zilizotoka kwenye mgongo wa mama. Bosi akawa ndiye anayekwenda kwenye kodi kila mwaka na kuhuisha leseni. Akaoa binti mtulivu, akapata mtoto wa kike. Siku moja nilimsikia kupitia ukutani akisema, "Mama, twende benki wiki hii nikuingize kwenye sahihi."

"Nisaini na macho haya? Kwani wewe unakwenda wapi?"

Hakuwa anakwenda popote. Aliumwa kichwa Jumatatu, akafunga duka mapema akasema kesho atakuwa sawa. Ijumaa tulimzika. Madaktari walifanya walichoweza, na sina la kuwalaumu. Mama hakupiga kelele makaburini. Alishika mkono wa mkwewe upande mmoja na wangu upande wa pili, akawa anatukaza vidole mpaka vikafa ganzi.

Alirudi dukani mapema kuliko tulivyotaka, maana nguo za watu zilikuwa ndani. Niliusikia mlio wa pasi, kisha kimya, kisha mlio. Nilikuwa nashona bila kuona ninachoshona. Muda si mrefu leseni ikaisha, akaniomba nimsindikize manispaa kuihuisha.

Karani wa dirishani alikuwa kijana safi, shati lake nadhani lilipigwa pasi na Mama Bosi mwenyewe. Akasoma ile leseni ya zamani, akasema kwa upole, "Mwenye biashara aje mwenyewe na kitambulisho chake."

"Angeweza kuja, baba," Mama Bosi akasema, "nisingekuja mimi."

Kijana akainua uso. Akaomba radhi, akasimama kabisa kuomba radhi. Akatueleza kwamba biashara ya mtu mmoja haina mwili mwingine zaidi ya mtu huyo; akifa, nayo inaingia kwenye mirathi pamoja na viatu vyake na saa yake. Lazima mahakama iteue msimamizi. Benki wakatuambia hayo hayo, wakatupa na maji ya kunywa. Akaunti imefungwa hadi msimamizi aje. Mwenye nyumba akasema pole sana, naye anamngoja msimamizi, maana mpangaji wake ni marehemu. Kila mahali tulipokelewa vizuri. Nilitamani mtu mmoja atufokee.

Aliyeomba usimamizi ni mjane wa Bosi, na sheria ilikuwa upande wake. Kaka yake alikuja kutoka kwao kumsaidia. Mpango wao haukuwa wa hila: wauze mashine na vifaa, mjane arudi kwa wazazi wake na mtoto, afungue kibiashara chake huko. Alikuja mwenyewe kumwambia mama mkwe, mtoto akiwa amemlalia begani. "Mama, mimi sijui lingine la kufanya. Kila nikiingia humu ndani namwona." Mama Bosi alimpokea mtoto akambeba.

Mimi nilijibu kwa niaba yake kutoka upande wangu wa ukuta, kwa sauti ambayo nadhani kondakta aliisikia akiwa kazini. Nikamsubiri mkwe aondoke, nikazunguka ukuta. Nilikwisha kuuliza kwa mwanasheria mmoja ninayemtengenezea viatu. Mama ana haki ya kupinga, akileta mashahidi kwamba mtaji ni wake na jasho ni lake. Mashahidi nilikwisha kuwakusanya: mwalimu mkuu, muuza sabuni wa kona, mwenye nyumba, na mimi, ambaye ningeapa hata kwa lugha nisiyoijua.

"Siku ya mahakama unasema neno moja tu," nikamwambia. "Yangu. Basi. Sisi tutamalizia."

Alikuwa akipiga pasi shati la mteja. Akaisimamisha pasi wima kwa kitako chake.

"Halafu, fundi? Yeye atakuwa amesimama wapi?"

"Nani?"

"Mkwe wangu. Nikisema yangu, yeye atakuwa amesimama wapi?"

"Pembeni! Popote! Hilo duka hakulijenga yeye."

"Hata mimi waliniambia hivyo." Hakupandisha sauti. "Wale mashemeji walikuwa na mashahidi wengi kuliko wako. Na walichosema kilikuwa na ukweli ndani yake, mtaji wa kwanza ulitoka kwa baba yao. Sasa mimi nije na gari langu? Nimwache mlangoni na mtoto wa mwanangu?"

"Na wewe utakula nini?"

"Sijui."

Nilimwambia maneno makali. Nilimwambia wema wa kupitiliza ni upumbavu, na mkono mtupu haulambwi. Nilimwambia hata Bosi angekasirika. Hilo la mwisho lilimchoma, akakaa kwenye rundo la mashuka, akalia kwa mara ya kwanza tangu msibani, kwa sauti, mdomo wazi, na mimi nikasimama pale na gundi vidoleni sijui pa kuweka mikono.

Siku ya mahakama nilivaa koti. Mashahidi wangu wote walikuja, wakajaza benchi la nyuma. Mkwe alikaa mbele na kaka yake, mtoto akichezea kamba ya pochi. Hakimu alikuwa mama wa makamo, anasoma taratibu, na nilimpenda kwa kuwa aligundua jambo lenyewe bila kuambiwa. Akamwita Mama Bosi.

"Mama, wewe ni mzazi wa marehemu. Naona hapa ulikuwa ukishinda dukani. Hili duka lilikuwa la nani?"

"La mwanangu, mheshimiwa."

"Nani alilianzisha?"

"Yeye."

"Kwa mtaji wa nani?"

"Wake."

Hakimu akaangalia tarehe ya leseni ya kwanza. "Alikuwa ndiyo kwanza ametimiza umri wa kitambulisho."

"Alikuwa mchapakazi sana, mheshimiwa."

Nilisimama. Mwalimu mkuu naye akasimama. Mama Bosi akageuka akatutazama, na macho yale yalituomba tukae kama mtu anavyoomba maji. Tukakaa. Mkwe wake alikuwa amejifunika uso kwa kanga ya mtoto, mabega yakimtikisika. Yeye alijua. Aliishi ndani ya nyumba ile, alijua vizuri duka lilikuwa la nani.

"Kwa hiyo huna pingamizi?" hakimu akauliza, na akangoja muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sina."

Akapelekwa kwa karani wa pembeni, atoe maelezo yake ya kutokuwa na pingamizi yaandikwe, atie sahihi. Nilimfuata nikasimama nyuma yake. Karani akamwuliza jina, akalitaja. Umri, akakadiria. Makazi, akataja mtaa wetu.

"Kazi yako?"

Mama Bosi akatazama mikono yake. Viganja vyake vilikuwa juu ya meza, vyeupe kwa sabuni ya asubuhi ile, kucha zimelika. Karani alimtazama akingoja.

"Namsaidia mwanangu," akasema.

Karani akasubiri kidogo, labda aliongezee jibu hilo. Alipoona limeishia hapo, akaandika: Hana kazi. Akamgeuzia karatasi na kumwonyesha mahali pa kutia sahihi.