Shahidi Aliyezamisha Mkono Tutani

Wiki iliyopita, nikiwa afisa kilimo, nilifuatana na mahakama hadi shambani, upande wa Mwazye. Mjane mmoja alidai jirani yake amevamia shamba lake wakati ameliacha lipumzike. Jirani, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya sufu, alisema shamba ni lake na amelilima miaka mitatu mfululizo.

Mjane alikuja na shahidi mmoja tu, bibi mkulima kutoka kijiji cha pili.

"Huyu ni mtaalamu wa nini, mheshimiwa?" jirani akalalamika. "Hana hata cheti."

Bibi alipiga magoti kwenye tuta, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akachomoa fungu la nyasi. Huku Ufipa tunafukia nyasi ndani ya matuta ili zioze ziwe mbolea. Akazinyoosha mbele ya hakimu: zilianzia kiganjani zikaishia begani.

"Nyasi zinafikia urefu huu pale ambapo jembe halijapita misimu kadhaa," alisema. "Kama analima kila mwaka, hizi kazitoa wapi?"

Jirani aliyatazama matuta yake, moja baada ya jingine, kama watu waliomsaliti.

"Una swali kwa shahidi?" hakimu akamuuliza.

Akavua kofia. "Ninalo, mheshimiwa. Shikamoo, bibi. Maharage yangu ya bondeni yanageuka manjano, nifanyeje?"

Mjane akaangua kicheko.

Mimi nina vyeti vitatu vya kilimo kabatini, na nimeshatoa ushahidi mara nyingi. Sijawahi kuulizwa swali kama hilo na mtu niliyetoka kumshinda mahakamani.