Kawa Haisemi Nani Kapika

Nakumbuka siku moja ya Ramadhani ambayo bibi yangu aliniuliza swali. "Hilo onyo," alisema, "limemtaja nani?"

Mwanangu, usinicheke kwa kukuita hivyo. Najua sijaota hata mvi moja, na mama yako husema bado nabishana na redio. Lakini wewe ni mtoto wa kaka yangu, na kwetu shangazi haulizwi umri. Juzi umepewa simu yako ya kwanza, na jana nimekuona ukibonyeza "endelea" kabla hujasoma lililoandikwa juu yake. Basi keti nikwambie.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimerudi Ukunda kusubiri kazi, nikikaa kwa Bibi Mejumaa, nyanya yetu mimi na baba yako. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vya kupangisha upande wa uani. Katika kimojawapo alikaa Mutua, mpishi katika hoteli moja ya Diani, pamoja na mkewe Ndinda, aliyekuwa mja mzito. Mutua alifunga intaneti chumbani mwake, kisha akampa Bibi neno la siri bila kudai chochote. "Tumia tu, Bibi," alimwambia. "Haipungui."

Haipungui! Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki changu. Mimi nilikuwa mtu wa kuuliza kila kitu, hata chumvi niliiuliza ilikotoka. Mtu anawezaje kugawa bure kitu anachokilipia? Anapata nini? Nikaapa sitaiunga simu yangu na intaneti ya mtu yule, nikaendelea kununua bando langu mwenyewe, tena dogo.

Sasa, Bibi alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafunikwa, la kulia likiona kwa taabu, mpaka simu aliishika karibu na pua kama anainusa. Kliniki moja huko Msambweni ilimwahidi kumpasua baada ya Idi, kwa sharti kwamba athibitishe nafasi yake kwenye tovuti yao kabla ya wiki kwisha, kwa kuandika namba ya kitambulisho. Asipothibitisha, nafasi angepewa mwingine. Na kitambulisho, mwanangu, kwetu watu wa pwani si kitu cha kuchezea. Wako waliozeeka wakikiomba, wakiulizwa babu yao alizaliwa wapi na babu wa babu alizikwa wapi. Bibi alikifunga chake katika pindo la leso.

Alasiri hiyo alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi, nami nikaichukua simu yake nimfanyie ile kazi. Nikaandika anwani ya kliniki, herufi kwa herufi. Badala ya kliniki ukaja ukurasa mtupu wenye alama nyekundu na maneno ya Kiingereza: muunganisho wako si wa faragha, huenda wavamizi wanajaribu kuiba taarifa zako. Nikajaribu tena. Ukaja ule ule.

Moyo wangu ulikwenda mbio, na akili ikaufuata nyuma. Baina ya simu hii na Msambweni amesimama nani? Nikatazama uani. Dirishani kwa Mutua, kile kisanduku cha intaneti kilikuwa kinapepesa taa zake za kijani, jicho baada ya jicho. Nikakumbuka pia kwamba ni Mutua aliyeishika simu ya Bibi ili kuingiza neno la siri. Basi, kesi kwisha.

"Bibi, huyu mpangaji wako anatuibia."

"Ametuibia nini?"

"Bado."

Bibi aliacha kukuna. "Bado? Mke mwenzangu," maana ndivyo alivyozoea kunitania, "mwizi wa bado ni mwizi gani huyo?"

Nikamsomea lile onyo kwa Kiswahili, na lile neno "huenda" nikaliacha huko huko kwenye Kiingereza. Nikamwambia wezi wanaiba taarifa zake.

"Na hilo onyo limemtaja nani?"

Nikalipitia tena lile onyo kwa macho.

"Limemtaja Mutua?"

"Halimtaji mtu, Bibi, lakini intaneti ni yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwambie ahame kabla ya Idi."

"Na Ndinda na tumbo lile, ahamie wapi?"

"Kwao."

"Kwao ni hapa. Kodi wanalipa na salamu wanatoa." Akakipuliza kifuu, akakiweka chini. "Ngoja arudi, useme mbele yake. Mimi nimefunga. Sitaki kukaa hapa namsengenya mtu, namla nyama yake na jua halijatua."

Nilikuwa nasema kwa sauti, mwanangu. Kuta za vyumba vile ni nyembamba, nami sikujali. Anayejiona yuko kwenye haki hapunguzi sauti.

Mutua alirudi karibu na magharibi, mkononi ana barafu kwenye karatasi kama kila siku, ya maji yetu ya futari. Yeye Mkristo, lakini mwezi ule wote hakuwahi kutafuna hata kashata mbele yetu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwanasha huyu hapa ana neno na wewe."

Nikamwonyesha ile alama nyekundu, nikamwambia ninavyoamini. Unajua kitu gani kilinikasirisha? Hakushangaa. Hakupandisha sauti, hakuapa. Alinitazama tu kama mtu aliyekwisha kusomewa hukumu nyumbani kwake. Nami nikauhesabu ule utulivu kuwa dalili ya hatia. Asiye na kosa si angepiga kelele?

Akatoa simu yake, akaifungua tovuti ya kliniki kwa intaneti ile ile. Ikafunguka, na kufuli dogo juu yake.

"Kwako lazima ifunguke," nilisema. "Nani hujiibia?"

"Na yako je?" Bibi aliuliza.

"Yangu siiungi humo."

"Ah! Umemshitaki mtu kwamba chungu chake kina sumu, na hujakionja wala kumwonjesha paka. Huko chuo mlifundishwa kuhukumu kwa harufu?"

Mutua akacheka kidogo, nami nikaona haya. Nikaiunga simu yangu. Ikafunguka, kufuli lile lile. Nikarudi kwenye simu ya Bibi: alama nyekundu.

"Basi ugonjwa umo kwenye simu yangu," Bibi alisema. "Hapo chini pana nini?"

Chini palikuwa na maneno madogo, maelezo zaidi. Mimi niliyeuliza kila kitu duniani, sikuwa nimeyabonyeza. Nikayabonyeza. Yaliandikwa kwamba cheti cha tovuti kimepitwa na muda wake, na pembeni ikawekwa tarehe ya leo kwa hesabu ya simu. Nikaisoma, nikaisoma tena. Mwezi wa tisa.

Sisi tulikuwa mwezi wa tatu.

"Bibi, nani amegusa tarehe ya simu hii?"

"Mimi," alijibu, wala hakuona ajabu. "Siku ya saumu ya kwanza. Ramadhani si mwezi wa tisa wa Kiislamu? Nikaiweka mwezi wa tisa, tarehe mosi, inihesabie saumu zangu. Zamani nilikuwa naweka kokwa za tende kwenye kopo, siku hizi kokwa sizioni. Leo tuna kumi na mbili. Tazama hapo, si imeandikwa kumi na mbili?"

Imeandikwa, naam. Mutua alicheka mpaka barafu ikamdondoka. "Bibi, simu yako imetutangulia! Sisi bado tuko mwezi wa tatu, yenyewe inakaribia mvua za vuli."

"Basi nguo ilikuwa yangu," Bibi alisema, naye anacheka, "na kilichokuwa kinatula nilikitia mwenyewe."

Nikairudisha tarehe. Tovuti ikafunguka. Bibi akafungua pindo la leso, akanitajia namba yake taratibu, nikaiandika, na kabla ya adhana nafasi yake ilikuwa imethibitishwa. Jicho la kushoto lilipasuliwa baada ya Idi, na mwezi wa Ramadhani uliofuata aliuona kwa macho yake, hakuambiwa.

Lakini usiku wa kufuturu kwetu siku ile, Bibi alipakua viazi vya nazi na kaimati kwenye sinia, akafunika kwa kawa, kile kifuniko cha ukili, akanikabidhi. "Mpelekee Ndinda. Wewe mwenyewe."

Nikapita uani na sinia langu. Majirani waliniona natoka wapi na naelekea wapi, ila kilichokuwa chini ya kawa hakuna aliyekiona. Ni hapo, mwanangu, hatua chache baina ya milango miwili, nilipoielewa ile kazi ya kufuli vizuri kuliko nilivyowahi kuielewa darasani. Kufuli la tovuti ni kawa. Linafunika unachopeleka na unacholetewa, wa njiani wasikione wala wasikitie mkono. Hata Mutua mwenye intaneti, kufuli likiwepo, angeweza kujua tu kwamba tumebisha hodi kliniki. Tulichoandika huko ndani hakukiona. Na cheti ni kama ile alama ya rangi tunayoipaka chini ya sinia, ili shughuli ikiisha kila mtu alijue lake. Alama hiyo ina muda wake, hupakwa upya. Simu ya Bibi ilikuwa inaishi mwezi wa tisa, ikaona alama zote zimefutika, ikakataa kupokea sinia lolote. Ilifanya kazi yake sawasawa. Mtu wa katikati akijaribu kubadilisha sinia, onyo hutoka vile vile, ndiyo maana onyo halidharauliwi. Simu ilisema tu "sielewi hapa". Mimi ndiye niliyeongeza jina la mtu.

Sasa sikia upande wa pili, maana sitaki utoke hapa umekuwa mtu wa kuamini kila mlango. Kawa haisemi nani kapika. Tapeli naye anajua kununua kawa, wakati mwingine hata hanunui, hupewa bure. Rafiki yangu mmoja wa huko Waa aliwahi kuandika habari zake zote kwenye tovuti ya ajira ya uongo, nilipomuuliza akaniambia, "Lakini ilikuwa na kufuli!" Ilikuwa nalo, na taarifa zake zilisafiri salama salimini, hakuna aliyezigusa njiani, mpaka mikononi mwa mwizi.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukiona onyo, simama. Usibonyeze "endelea" kwa uvivu, hasa pale unapoombwa kitambulisho au neno la siri. Soma na yale maneno madogo ya chini. Tazama tarehe ya simu yako. Jaribu kwa simu nyingine, kisha kwa intaneti nyingine, na ukiwa bado na shaka wapigie wenyewe kwa namba unayoijua wewe, siyo iliyoandikwa pale. Na ukiona kufuli, usishangilie. Soma jina la tovuti herufi kwa herufi, kwani mwizi hujenga jirani na jina la mwenzake. Shaka ni mali, mwanangu, wala sijaacha kuwa nayo. Bado nawashuku wanaonipa zawadi, na redio nabishana nayo. Ila shaka ianze kuuliza kabla haijajibu, na ianzie mkononi mwako kabla ya kuvuka uani kwenda kwa jirani. Dhana nyingine ni dhambi, tena ya kulipa hapa hapa.

Mola akupe jicho la kuona kisichoandikwa kwa herufi kubwa. Akujaalie majirani ambao kitu chao hakipungui, na akuepushe na ulimi unaotangulia akili. Amina.

Na bado limebaki moja, ambalo sikulijua mpaka mwaka huu. Mutua na Ndinda wamejenga Waa, mtoto wao anasoma, na juzi Ndinda alikuja kututembelea. Tukiwa tunamenya mihogo akaniambia kwamba alasiri ile alikuwa amelala nyuma ya ukuta, akasikia kila neno langu. Akampigia mumewe hotelini, analia, akamwambia asipitie popote, aje moja kwa moja wafunge mizigo kabla ya kufukuzwa. Mutua akamuuliza tu kama barafu ya jana ilitutosha, au alete zaidi.